Kuwapeleka Watoto Maporomoko ya Derema: Mwongozo Kamili kwa Familia za Tanga

Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka sita aliponiuliza maji ya bomba letu hapa Ngamiani yanatoka wapi. Nikamjibu yanatoka bwawani, Mabayani. Na ya bwawani? Mto Zigi. Na ya Mto Zigi? Likizo ya Juni mwaka huo nikampandisha Amani, Usambara Mashariki, akajionee mwenyewe vijito vinavyoushibisha mto ule. Tangu hapo tumerudi mara nyingi, safari nyingine na binamu zake, nyingine na bibi yake, na kila tuliporudi nyumbani nilikuwa na jambo nililopaswa kulijua kabla ya kutoka. Hayo ndiyo ninayowaandikia wazazi wenzangu wa Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe mnaotaka kuwapeleka watoto kwenye maporomoko ya Derema, huko huko Amani.

Moja nalitanguliza, maana mengine yote yanalifuata: safari hii hupangwa kwa miguu ya mtoto mdogo kuliko wote. Ukiipanga kwa miguu ya baba, itaishia kwa kilio.

Kuchagua wakati

Milima ya Amani hupata mvua nyingi, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na hata kiangazi huwa na manyunyu yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msiende na watoto. Barabara ya kupanda huwa tope, na maji ya mtoni hayachezewi. Vuli nayo, Oktoba hadi Desemba, ni ya kubahatisha.

Wakati wetu mzuri ni kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba. Masika yamepita, maporomoko bado yamejaa, njia zimeanza kukauka, na shule zimefunga mwezi Juni. Januari na Februari pia panapitika, ila maji huwa yamepungua. Kipupwe kina baridi yake huko juu. Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na mtoto aliyezoea joto la Tanga atatetemeka asubuhi kana kwamba ana homa. Sweta si pambo.

Kama mna mzee asiyeweza kutembea, au mtoto mchanga, msijilazimishe Derema. Nendeni Soni, kwenye barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Pale maporomoko yanaonekana barabarani, bibi anayatazama akiwa amekaa kwenye kiti chake, na jioni mnarudi na kikapu cha matunda ya milimani.

Kufika

Kutoka Tanga hadi Muheza ni lami, kama kilomita 35, na Hiace ni nyingi. Kutoka Muheza ndipo safari inapoanza hasa: barabara ya vumbi inapita mashambani hadi Sigi, kwenye lango la hifadhi, kisha inapanda kwa kona kali hadi Amani. Kuna mabasi yanayopanda, lakini ni machache na hujaa. Mkiwa na watoto zaidi ya wawili, changeni familia mbili mkodi gari lenye tumbo la juu, na mwulize dereva kwa kinywa chake kama amewahi kupanda Amani. Mwaka mmoja tulimchukua mtu aliyesema anaijua njia. Tulipofika kwenye kona za juu gari lilianza kuchemka, tukakaa pembeni karibu saa mbili tukisubiri injini ipoe, na saa mbili hizo ndizo zilizotunyima maporomoko siku ile.

Watoto hutapika kwenye zile kona. Wape kifungua kinywa chepesi, mkate mkavu na chai ya tangawizi isiyo na maziwa, waketi mbele na madirisha yawe wazi. Beba kopo lenye mfuniko na kitambaa chenye maji. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tegemeeni makopo, vikapu na mifuko ya kitambaa.

Nawasihi mlale huko usiku mmoja. Kuna nyumba za wageni za hifadhi Sigi na Amani kwenyewe. Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana mkiondoka Tanga baada ya sala ya alfajiri, ila mtakuwa mnakimbizana na jua kutwa nzima, na watoto hawajui kukimbizana na jua. Wao wakimwona kinyonga, husimama.

Langoni Sigi

Jengo la hifadhi pale Sigi lilikuwa kituo cha reli iliyojengwa na Wajerumani kusafirisha magogo kutoka misitu hii. Waache watoto walizunguke kidogo, kwa sababu mmetoka garini na miguu imekufa ganzi.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania Bara, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kuna kiingilio, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo watu wazima wabebe vitambulisho. Malipo ni kwa kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba, kwa simu. Basi hakikisha una salio na chaji kabla ya kupanda. Mtandao huko unakuja na kuondoka. Mjulishe jirani au ndugu aliyebaki Tanga mnakokwenda na saa mnayotarajia kurudi.

Mwombe mwongozaji. Wapo waliozaliwa vijiji vya huko huko, na ujira mnaowalipa ndio faida ya msitu kwa familia zao. Msijaribu kwenda peke yenu mkitegemea ramani ya simu: njia za wachuma chai, za wakata kuni na za hifadhi zinaingiliana, na zote zinafanana.

Unapoongea naye, muulize maswali manne. Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho huko juu? Kuna daraja au mnavuka kijito kwa mawe? Sehemu ya mteremko mkali ni ipi? Na la mwisho, mpaka kwenye maji ni mwendo wa saa ngapi? Akikujibu "ni hapo tu", cheka naye, kisha uulize tena. "Hapo tu" ya mtu aliyekulia mlimani ni nusu siku ya mtoto wa pwani. Mimi huchukua saa anazozitaja nikazizidisha mara mbili. Sijawahi kujuta.

Mzigo

Maji kwanza: lita moja na nusu kwa mtu mzima, lita moja kwa mtoto, yaliyochemshwa au ya chupa. Maji ya kijito yanaonekana safi kama kioo, lakini juu yake kuna vijiji, ng'ombe na nyani. Pakiti mbili za ORS, ile chumvichumvi ya kumpa anayeharisha, hazina uzito wowote, na kila moja huchanganywa na maji salama kwa kipimo kilichoandikwa juu yake.

Chakula nakiongelea kidogo zaidi kwa sababu ndipo akina mama tunapokosea, kwa upendo. Unaamka usiku kupika wali wa nazi na samaki wa kupaka, unaufunga kwenye hotipoti, unausafirisha kwa muda wa saa nne kwenye joto, na ukifunua kule maporomokoni kijiko kinavuta uzi. Chakula cha nazi huchacha haraka, na mtoto anayeharisha katikati ya msitu ni taabu kubwa. Bebeni vikavu: chapati, maandazi, mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha, karanga, tende, sambusa za nyama zilizokaangwa zikakauka vizuri na kuliwa mapema. Machungwa nunueni Muheza njiani, wenyewe ndio kwao. Mtoto aliyechoka ukimpa chungwa lililokatwa juu, akafyonza, utaona macho yanarudi.

Viatu: raba zenye meno chini, zilizokwisha kuvaliwa nyumbani angalau wiki mbili. Kiatu kipya ni malengelenge. Kandambili ziacheni garini kabisa. Zile raba za plastiki za watoto, yeboyebo, zibebwe begini kwa ajili ya majini, maana mawe ya chini ya maji hukata nyayo.

Mavazi yawe ya mikono mirefu na suruali ndefu, soksi zikivutwa juu ya pindo la suruali. Wanawake wenzangu, baibui na dera vinapendeza, ila pindo linaloburuza kwenye njia yenye mizizi litakuangusha ukiwa umebeba mtoto. Vaa gauni linaloishia juu kidogo ya kifundo, na suruali ndani. Halafu beba kanga tatu. Kanga ni mbeleko ya mtoto aliyechoka, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni mkeka wa kusalia adhuhuri, na mkono ukiteguka ni kitanzi cha kuuning'iniza shingoni. Sijaona kifaa cha dukani kinachofanya nusu ya kazi hizo.

Vingine: koti la mvua, tochi hata kama ni mchana, filimbi moja kwa kila mtoto, sabuni, plasta, bandeji, dawa ya kuua vijidudu, dawa ya maumivu ya watoto, dawa ya mzio, dawa ya kufukuza mbu. Na nguo moja kavu kwa kila mtu, ibaki garini.

Njiani

Anzeni kutembea kabla ya saa nne asubuhi. Mpangilio ni huu: mwongozaji mbele, nyuma yake mtoto mwenye mwendo mdogo kuliko wote, kisha wengine, na mtu mzima mmoja mwenye subira afunge msafara. Hakuna mtoto anayemtangulia mwongozaji wala kubaki nyuma ya anayefunga. Mtoto akipotewa na wenzake asimame alipo, apige filimbi mara tatu, arudie. Fanyeni mazoezi nyumbani siku moja kabla, wataona ni mchezo.

Sehemu ya njia hupita kwenye mashamba ya chai, jua likiwa wazi kabisa, kofia zivaliwe. Watoto hupenda kuona wachuma chai wanavyokata majani mawili na chipukizi lake kwa vidole. Salimieni. Watoto watoe shikamoo kwa wazee, na msipige picha watu walio kazini bila kuomba. Mkitoka kwenye chai mkaingia msituni, baridi hukupiga usoni mara moja, na sauti zinabadilika. Hapo waambie watoto wanyamaze dakika moja nzima. Mara nyingi ndipo tunapowasikia mbega juu ya miti kabla ya kuwaona.

Pumzikeni kila baada ya dakika ishirini, dakika tano tu, maji mafunda machache. Usimngoje mtoto aseme amechoka. Mtoto akifika kulisema hilo, amekwisha pita kiasi.

Mapumziko ndiyo wakati wa kuwaonyesha mambo. Huku kuna kinyonga mwenye pembe tatu kama kifaru mdogo. Dume ndiye mwenye pembe, jike hana, na jina lake la kisayansi, Trioceros deremensis, limetokana na Derema hii hii. Kwenye mawe yenye unyevu kivulini tafuteni mmea mdogo wenye majani ya manyoya na ua la zambarau. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwao, na leo vizazi vyake viko kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Wenyewe, ule wa porini, umebaki kwenye mawe machache. Msichume hata jani. Mwanangu alilala kifudifudi mbele ya ua moja, pua ikakaribia kuligusa, akazihesabu petali zake mara tatu kwa kidole kisichogusa. Hakusema neno mpaka tulipoinuka.

Hatari za njiani ni chache, lakini zijulikane. Siafu wakivuka njia, msisimame kuwatazama. Rukeni haraka, mwende hatua ishirini mbele, kisha mvue viatu mkaguane. Upupu hukomaa kiangazi, na vijitunda vyake vimefunikwa manyoya ya rangi ya dhahabu yanayowavutia watoto. Waonyesheni mapema kwa mbali. Ukimpata mtoto, asikune. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi bila kusuguliwa. Nyigu na nyuki hufuata manukato, basi siku hiyo hakuna marashi. Nyoka wengi hukimbia wakisikia vishindo. Mtu akiumwa, msikate wala kufyonza wala kufunga kamba ya kubana: mlazeni, kiungo kisichezeshwe, abebwe mpaka garini na kupelekwa Hospitali Teule ya Muheza.

Kwenye maji

Mtayasikia kabla ya kuyaona, na watoto wataanza kukimbia. Hapo ndipo pa kuwashika mikono. Mawe ya karibu na maporomoko yana utando wa kijani, laini kama sabuni, na ajali nyingi za maporomoko hutokea kwa kuteleza kabla ya mtu hata kulowa.

Kaeni kwanza robo saa bila kugusa maji. Mwongozaji achague mahali pa kucheza: pawe mbali na maji yanapoangukia, maji yasipite magoti ya mtoto, na chini paonekane. Chini kabisa ya maporomoko haendi mtu. Mawe na matawi huanguka pamoja na maji, na yale maji yenye povu hayambebi mwogeleaji, yanamzamisha, hata kama ni mvuvi wa Deep Sea, pale Tanga, aliyezaliwa baharini. Hakuna kuruka kutoka juu ya mwamba. Kwa kila mtoto wa chini ya miaka saba anayeingia majini, mtu mzima mmoja aingie naye, simu ikiwa begini. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na mimi nimeona maana yake kwa macho.

Ilikuwa safari yetu ya tatu. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu juu yetu, watoto watano ndani ya kidimbwi. Mzee aliyetuongoza alikuwa amekaa akimenya chungwa. Ghafla akaacha kumenya. Nikafuata macho yake: majani makavu matatu, manne, yakipita juu ya maji, kisha vijiti. Akasema kwa sauti ya chini tu, "Mama, toa watoto." Tulipokuwa tunawavuta juu, maji yalikuwa yameanza kubadilika, kwanza kama maji ya mchele, halafu kama chai ya maziwa. Hazikupita dakika kumi, lile jiwe tulilokuwa tumetandika kanga halikuonekana tena. Mvua ilikuwa imenyesha juu kabisa mlimani, mahali ambapo hatukuwa na habari napo. Kanga moja ilikwenda na maji.

Basi mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuyatazama maji ya juu, si watoto. Majani na vijiti vikiongezeka, rangi ikichafuka, mngurumo ukizidi, au maji yakipanda hata upana wa vidole viwili kwenye jiwe mlilolichagua kuwa alama, kila mtu anatoka, anapanda juu, bila kukusanya vitu. Msivuke kijito kilichojaa. Subirini upande mlioko, hata kama ni mpaka jioni.

Sabuni isiingie kijitoni, wala nepi isioshwe wala kutupwa pale. Watoto wangu sihitaji kuwaeleza sana. Wanajua maji yale yanashuka Zigi, yanaingia Mabayani, na yatakuja kutoka bombani kwetu. Haja hufanyiwa mbali na maji, hatua mia, kwenye shimo linalofukiwa. Takataka zote zinarudi Tanga, pamoja na maganda ya mayai.

Watu huniuliza kuhusu kichocho. Konokono wake hupenda maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, hasa huku chini kwenye joto. Maji baridi yanayokimbia mlimani yana hatari ndogo zaidi. Msisimame njiani mkirudi kuwaogesha watoto kwenye mabwawa na mito ya bondeni.

Saa ya kugeuka

Saa nane mchana mnageuka. Mkiwa mmefika, mkiwa hamjafika, mkiwa mnasikia maji mbele yenu. Kubalianeni saa hiyo asubuhi, watoto wakisikia, ili isigeuke kuwa ubishi wa baba na mama. Juni jua letu linazama kwenye saa kumi na mbili na robo, lakini ndani ya msitu giza huingia mapema, na ukungu ukishuka hata saa kumi hauoni mizizi. Kurudi ndiko watu wanakoteguka miguu: magoti yamelegea, mteremko umelowa, kila mtu anawaza gari. Wapeni watoto tende na chungwa la mwisho kabla ya kuanza kutembea, mbebeni mdogo mgongoni mapema, na hatua ziwe fupi.

Mkifika nyumbani

Kabla ya kulala kagueni miili ya watoto: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, kwenye nywele. Kupe akipatikana, mshikeni kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvuteni taratibu moja kwa moja, mkaoshe pale kwa sabuni. Viatu vijazwe magazeti makavu vikauke kivulini, kwani juani gundi huachia.

Halafu andika tarehe ya safari mahali utakapoiona. Malaria huchukua wiki moja au zaidi tangu kuumwa na mbu hadi kujitokeza. Mtoto akipata homa ndani ya mwezi unaofuata, usimpe dawa ya maumivu ukangoja kesho. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na mwambie mhudumu ni lini mlilala Amani.